Laini Niliyoivunja

Jumanne, 4 Machi

Mdogo wangu Chiriku,

Usishangae mwandiko kwenda upande, naandikia juu ya meza ya kupigia pasi na meza yenyewe ina mguu mmoja mfupi. Sisi tupo. Siwezi kusema wazima, maana Jumamosi mchana nusura nimpoteze mtoto.

Alibanwa na pumu hapa hapa kazini, katikati ya mvuke na mashuka ya watu. Pampu yake ya kuvuta dawa ilikuwa imekwisha na mimi nilikuwa najidanganya kwamba bado imo imo. Mama Pasi mwenye kazi alikuwa ametoka kupeleka nguo kwa wateja, na simu anatembea nayo. Nikamweka mtoto mgongoni nikakimbia hadi zahanati, kandambili moja ikabaki njiani na sikugeuka. Tulipofika midomo yake ilikuwa imeanza kubadilika rangi. Muuguzi akaniuliza kwa nini sikupiga simu kwanza wamtayarishie hewa. Nikamwambia sina simu. Hakuniamini, alidhani nina kiburi.

Sasa nisikilize vizuri. Ile simu yangu kubwa niliyokuachia ndani ya soksi, iuze. Nimesikia kuna maduka yanachukua simu ya zamani na kukupa nyingine. Nipatie simu ndogo ya tochi, na kitakachozidi ninunulie pampu za mtoto. Laini mpya tutaisajili huku kwa jina la Mama Pasi.

Lakini isafishe kabla haijatoka mkononi mwako. Futa kila kitu, picha, majina, meseji. Yote niliyoongea na Mama Pasi nilishayafuta kabla sijamkimbia baba yake mtoto, lakini futa tena. Neno la siri ni lile jina tulilokuwa tunamwita mama akikasirika, kwa herufi ndogo, likifuatiwa na mwaka aliozaliwa mtoto. Laini ya zamani usiitafute. Niliivunja kwa meno siku ile ile niliyoondoka, vipande nikavitupa chooni.

Na bado nakukumbusha, hata dunia igeuke, usinipigie kwa simu ya Mama Pasi. Yule rafiki wa baba yake mtoto, wa kampuni ya simu, bado yupo, na bado anamtolea namba za wote unaoongea nao. Andika barua, tumia sanduku la posta la dobi. Nakujua wewe mdomo unakuwasha.

Dada yako


Jumatatu, 10 Machi

Dada,

Barua yako niliisoma nimekaa juu ya katoni la dawa za minyoo, stoo, na nikalia mpaka bosi akaniuliza nimefiwa na nani. Kwa nini hukuniambia kwamba pampu imekwisha? Nafanya kazi duka la dawa, dada. Duka la dawa. Mtu wa nje angesikia angecheka.

Basi nikaivalia njuga. Simu nimeipangusa kwa spiriti, pamba na kijiti cha meno, kitundu cha chaji nimekitoa vumbi na nyuzi za soksi. Ganda la nyuma nimelibandua, gundi yote nimeisugua. Ukiiona utaitaka tena. Nikaingia kwenye mipangilio nikabonyeza pale pa kuirudisha simu kama ilivyotoka kiwandani, nikaona mstari unatembea, nikajisifu. Tupu kabisa. Leo mapumziko ya mchana nikaipeleka duka la kubadilishia simu, lile la karibu na kituo cha mafuta.

Fundi wa pale ni kijana mwembamba anayeongea kama anayelipia maneno. Akaigonga kioo, akaimulika tochi, akapima betri, akasema nzuri. Nilishaanza kuchagua simu ya tochi, kuna moja nyekundu mtoto angeipenda. Alipoiwasha ikakataa kwenda mbele. Inataka akaunti ya mwenyewe wa kwanza. Kumbe ilitakiwa kutoa akaunti kwanza, ndipo ufute, na mimi nimeanzia mkiani. Nikaweka neno la siri, likakubali. Kisha ikaandika kwamba imetuma namba ya uthibitisho kwenye laini inayoishia na 46, niisome niiandike hapo.

Hiyo 46 si ndiyo laini uliyoitafuna? Nikabonyeza tena nikidhani itachoka. Imetuma mara tatu. Fundi akaniambia simu yenye akaunti ya mtu hanunui, akinunua amenunua kesi. Nikamwambia ni ya dada yangu. Akasema wote wanasema ni ya dada.

Usiwe na wasiwasi. Nitapata njia, unanijua. Mbusu mtoto, mwambie mama mdogo anamletea simu nyekundu.

Chiriku


Jumatano, 12 Machi

Dada,

Imekwisha. Sikutaka kungoja jibu lako ndipo nikuambie, ujue ulale.

Namba ya uthibitisho imepatikana, akaunti imetoka, simu nimeifuta mara ya pili mbele ya fundi, na safari hii ilipowaka ilinikaribisha kana kwamba hatujawahi kuonana. Fundi mwenyewe alicheka, na yule si mtu wa kucheka. Amenipa ile nyekundu na kitu kidogo juu. Pampu mbili nimeshazinunua, ziko kwenye droo yangu na barafu haihitajiki. Natafuta tu mtu wa kuaminika wa kukuletea, maana posta inapenda kufungua vifurushi.

Simu yako sasa ni tupu. Anayetaka kujua habari zako kupitia ile simu atakesha bure.

Nina mengine ya kusema ila bosi amerudi.

Chiriku


Ijumaa, 14 Machi

Chiriku,

Nimepata barua yako ya tarehe 10 leo asubuhi, na nguo zimeniungulia mkononi. Usibonyeze tena ile namba. Sijui kwa nini inanitisha, ila inanitisha. Kama simu haiuziki iache, irudishe kwenye soksi, nitakwenda hata kukopa simu kwa fundi viatu wa jirani. Ukishindwa kabisa ipasue kwa nyundo. Mimi naijua sauti ya bahati mbaya ikikaribia, nimeishi nayo nyumba moja.

Jumamosi. Nilikuwa sijafunga bahasha. Imeingia barua yako ya pili.

Namba uliipata wapi?

Umeandika "imepatikana". Wewe unayenisimulia mpaka fundi anavyopumua, hapo umekuwa mfupi ghafla. Laini ile niliitafuna. Namba haiwezi kutumwa kwenye laini iliyotafunwa halafu ikapatikana, isipokuwa kuna mtu mwingine ameishika. Ilisajiliwa kwa kitambulisho chake, Chiriku. Kila kitu kilikuwa kwa jina lake, hata mita ya umeme, hata kadi ya kliniki ya mtoto. Mungu wangu, nilivyokuwa navunja ile laini nilijiona shujaa.

Niandikie leo leo. Usinipambe. Nani alikupa namba?

Dada yako


Jumatatu, 17 Machi

Dada mpendwa,

Sijapata jibu lako la mwisho, nadhani liko njiani. Kuna jambo sikukuambia, na nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujanilaani.

Jumanne iliyopita shemeji alikuja dukani. Alipanga foleni kama wateja wengine, zamu yake ilipofika akaomba pipi za kikohozi. Nikampa. Akasema kwa upole, "Shemeji, jana nimetumiwa namba mara tatu kwenye ile laini ya dada yako. Nani anahangaika? Kama ni wewe ungeniambia tu." Kumbe aliirudisha ile laini siku nyingi, anaiweka kwenye kisimu cha pembeni, kwa kumbukumbu, alisema. Akanionyesha. Nilitaka kukana, nikajikuta naeleza habari za pumu, za zahanati, na kandambili. Sikutaja mahali. Naapa kwa kaburi la mama, sikutaja mahali.

Dada, alilia. Pale pale kaunta, watu wanaangalia. Amekonda mpaka mkanda ameutoboa tundu jipya. Akasema yeye hataki kujua uko wapi, anataka mtoto apumue. Kesho yake tukaenda wote duka la simu. Mimi nikabonyeza, yeye akaisoma namba kwenye kisimu chake kwa sauti, nikaiandika, ikakubali. Mkono wake haukugusa simu yako hata kidogo, nilihakikisha. Fundi akasema nina bahati ya shemeji. Na shemeji hakuniomba chochote, akaenda zake kazini.

Leo asubuhi amerudi na bahasha. Ameifunga kwa gundi na utepe. Ameniomba niiweke ndani ya barua yangu, basi, anwani nisimwonyeshe. Nilishindwa kukataa, dada. Mtu amekusaidia na hakukudai, halafu anakuomba kitu kidogo hivyo. Sijaifungua.

Sisemi urudi. Nasema tu labda watu hubadilika. Ugomvi wa ndoa mtu wa nje huona upande mmoja.

Nisamehe kama nimekosea. Simu nyekundu bado ninayo, imejaa chaji.

Chiriku wako


Jumatatu, 17 Machi

Mke wangu,

Usimgombeze mdogo wako. Ni mtu mwema, ameibeba barua hii kama mayai.

Nyumba iko kama ulivyoiacha. Mlango wa bafuni nimeutengeneza na kuupaka rangi, hakuna atakayejua ulivunjikaje. Majirani wanakuulizia. Nimewaambia umekwenda kumwuguza shangazi. Sipendi kusema uongo, lakini kwa heshima yako nimesema.

Mikono yako haikuumbwa kwa kufua mashuka ya watu. Nimesoma mazungumzo yako yote na huyo Mama Pasi, tangu salamu ya kwanza. "Ukichoka njoo, chumba cha nyuma kipo wazi, shuka kituo cha mwisho, ulizia dobi anayetazamana na kiwanda cha mikate." Maneno mazuri sana. Ulikuwa unamwambia mgeni mambo ambayo mimi mumeo hukuniambia.

Uliyafuta kwenye simu, najua, wewe msafi. Na mdogo wako naye akaifuta simu mara mbili. Lakini akaunti inatunza nakala yake kwingine kabisa, simu iwepo isiwepo. Mimi mwenyewe sikuwa nalijua hilo. Laini yako niliirudisha ili nione nani atakutafuta, sikufikiria zaidi. Ni nyinyi mlionionyesha kwamba mwenye laini ndiye mwenye ufunguo. Mdogo wako aliomba namba moja, nikampa. Jioni nikajiombea ya kwangu, nikabadilisha neno la siri, nikaketi nikasoma.

Sina hasira. Nilikuwa nayo, imekwisha. Nakupa mpaka Jumapili. Njoo mchana, wewe na mtoto, watu wakuone unashuka na mizigo yako. Usipokuja nitakuja mimi na nitaondoka na mtoto, na wewe utajiamulia kama utafuata nyuma. Nisingependa kumharibia mama wa watu biashara yake.

Mumeo


Alhamisi, 20 Machi

Chiriku,

Barua zako mbili, yako na ya yule uliyembebea, nimezipata leo mchana. Naweka ya kwake humu uisome mwenyewe. Soma halafu urudi kwangu.

Umesoma? Basi.

Kutoka mchana mpaka nimemaliza kukunja mashuka ya wateja wa leo nilikuwa nakuchukia. Nakuambia kwa sababu hatujawahi kufichana hilo. Nilikuwa nakunja na kukuchukia, nakunja na kukuchukia, mpaka Mama Pasi akaninyang'anya shuka akasema nitalitoboa. Kisha nikaishiwa nguvu, nikakaa chini kwenye sakafu yenye maji. Mtoto akaja akakaa mapajani akaniuliza kama ni mimi nimebanwa leo.

Nilikwenda duka la kompyuta la hapa mtaani nikajaribu kuifunga ile akaunti. Neno la siri halikubali. Nikajaribu la zamani, nikajaribu hata la kubahatisha, jina lake mwenyewe, maana anajipenda. Mwenye duka akanihurumia akaniambia, mama, umeshafungiwa nje. Nikamlipa nikatoka.

Sasa nikuambie kitu ambacho hukuwahi kuniuliza. Kidole changu kile kisichokunjika, uliniambia nikikande kwa maji ya moto. Hakikubanwa na mlango kwa bahati mbaya. Alikishika akakiweka pale, akaufunga taratibu, huku ananieleza kwa nini. Kwa sauti ile ile aliyokuombea pipi za kikohozi. Mtoto alikuwa amesimama mlangoni na ndipo alipobanwa mara ya kwanza. Usiniandikie tena habari za upande mmoja.

Lakini kosa si lako peke yako, nakataa kulibebesha begani mwako lote. Mimi ndiye niliyekutuma. Mimi ndiye niliyedhani laini ikivunjika imekufa, na meseji ikifutwa imekwenda. Wewe uliogopa kwa ajili ya mtoto ukashika mkono wa kwanza ulionyooshwa. Mimi pia niliwahi kuushika mkono huo huo, tena nikavaa gauni jeupe.

Ukipata barua hii nitakuwa nimeshaondoka. Sikuambii naenda wapi. Mama Pasi ameniomba nimwambie, nimemkatalia, naye amelia. Anataka kubaki amngoje huyo bwana na pasi ya moto mkononi. Nimemsihi asifanye hivyo, amwonyeshe tu chumba cha nyuma kitupu.

Usinitafute. Usitume simu wala dawa, maana hutakuwa na pa kutuma. Nitampatia mtoto pampu, sijui vipi, nitampatia.

Akinikosa huku atakuja kwako. Atakuuliza. Wewe hujui kudanganya, mdogo wangu. Ukidanganya unazidisha maneno, na yeye anakusikiliza unavyozidisha. Kwa hiyo nimekutengenezea usiwe na cha kudanganya. Mwambie hujui. Ataona usoni kwako kwamba hujui, na atakuacha mzima. Sina kingine cha kukupa.

Nakupenda. Nimekasirika na nakupenda, yote kwa pamoja, na sina muda wa kuyatenganisha.

Dada yako


Jumatano, 26 Machi

Mama Pasi, shikamoo.

Mimi ni mdogo wake yule dada uliyempa chumba cha nyuma. Hatujaonana, ila nimekaa nikikufikiria tangu Jumatatu, siku barua yake ya mwisho iliponifikia. Nisamehe kwa usumbufu niliokuletea mlangoni. Najua mume wake alifika kwako Jumapili, maana jana alikuja kwangu.

Nilikuwa peke yangu dukani. Hakupanga foleni. Aliingia upande wa ndani wa kaunta, akaivuta chini shata ya mlango wa mbele mpaka nusu, akaniuliza dada yuko wapi. Nikasema sijui. Neno moja tu, mama, mimi ninayeitwa Chiriku. Akanishika kidevu akanigeuzia uso kwenye mwanga unaoingia chini ya shata, akanitazama machoni mpaka nikaona mishipa ya macho yake. Sikuwa na cha kuficha, na aliona. Akaniachia. Akasema, "Kweli hujui," kama mtu aliyedhulumiwa. Halafu akaomba pipi za kikohozi, na akalipa.

Kabla hajatoka akageuka. Akasema yeye hana haraka. Akasema dada hawezi kukaa maisha yake yote bila kuniandikia, na mimi siwezi kukaa na siri usoni, kwa hiyo atakuwa anapita tu, siku moja moja, kunisalimia. Ataniangalia, basi, na siku nikijua atajua.

Nilikwenda kituo cha polisi. Waliandika. Wakaniuliza amenipiga wapi, nikawaonyesha kidevu, wakasema hakuna alama.

Nimepitia duka la simu pia, nikamwomba fundi anieleze upya nilichofanya, hatua kwa hatua. Alinieleza yote kwa maneno yake machache, jinsi akaunti inavyofungwa huko huko ilikotunzwa, kabla simu haijaguswa. Ni kazi ndogo tu. Tungeifanya wawili, mimi na dada, tumekaa kitandani, kabla hajaondoka. Ile simu bado iko kwenye kabati lake la kioo, imeng'aa, ina kikaratasi cha bei. Nilishindwa kuiangalia.

Katika kifurushi hiki kuna pampu mbili za pumu. Nitakuwa natuma nyingine kila mwezi. Ukipenda zitumie kwa mtoto yeyote anayebanwa hapo mtaani. Na kama siku moja mwanamke mwenye kidole kisichokunjika atapita hapo na mtoto, mpe, mlishe, mwache aende. Usiniandikie kwamba alipita. Akikuachia barua ya kuniletea, ichome.

Nimezoea kumwambia dada kila kitu, mama, na kuambiwa kila kitu. Siku zijazo sijiamini. Ninaweza kupanda basi nikaja kukupigia magoti hapo mlangoni pako, nikakuapia kwamba yule mtu amekufa, kwamba yamekwisha, kwamba nataka tu kusikia kama mtoto anapumua. Hata nikikulilia namna gani, usiniambie.

Mdogo wake